Chemchemi ya Mwisho wa Basi Namba Tisa

Bwana Dira aliiona riziki yake asubuhi ya Jumamosi, imevaa viatu vipya vya kupandia milima, imesimama kwenye kituo kikuu cha mabasi na haijui iende wapi. Riziki hiyo ilikuwa watu sita wa maofisini, wenye vitambi vya heshima, ambao madaktari wao walikuwa wamewaamuru watembee. Kutembea hawakukataa. Walichokataa ni kutembea mahali ambapo majirani wangewaona wakihema.

"Samahani, kaka," akauliza mmoja wao, naibu meneja fulani mwenye kofia pana, "ni basi gani linalompeleka mtu mashambani akatembee kidogo, arudi kabla ya chakula cha mchana?"

Mja wa kawaida angejibu kwamba hajui. Bwana Dira naye hakujua, kwani tangu azaliwe hakuwahi kutembea kwa hiari umbali unaozidi ule wa kutoka kitandani hadi mezani. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyoishika kwa uchaji kuliko wengi wanavyoishika dini: swali la mwenye pesa halijibiwi kwa "sijui".

"Inategemea, mheshimiwa," akasema kwa upole. "Unataka njia za umma, au hizi zetu za wanachama?"

Macho ya naibu meneja yakang'aa. Hakuna kinachomtamanisha mtu wa cheo kama mlango ambao wenzake wamezuiwa kuupita.

Baada ya wiki mbili kijitabu kilikuwa tayari: *Kwa Basi Hadi Vilimani: Njia Kumi na Mbili za Matembezi*. Nyuma ya jalada palikuwa na picha ya mwandishi, mzee wa ndevu nyeupe na uso wa hekima, ambayo Bwana Dira aliinunua kwa mpiga picha mmoja baada ya mwenye picha kushindwa kuifuata. Utafiti ulifanywa kwa uadilifu wa aina yake. Mtafiti alipanda kila basi hadi kituo cha mwisho, akachungulia dirishani, akarudi na basi lilelile bila kushuka. Alichokiona alikichora. Asichokiona alikichora pia, kwa sababu ukurasa mtupu humvunja moyo msomaji.

Katika basi namba tisa alilala usingizi kwenda na kurudi. Ikambidi abuni. Akaandika kwamba, mwendo wa dakika arobaini kutoka kituo cha mwisho, chini ya jabali, hububujika Chemchemi ya Magoti, ambayo chupa yake moja hulainisha viungo na kupunguza kitambi, "hata kwa mtu asiyependa mazoezi". Maneno hayo matano ya mwisho ndiyo yaliyokiuza kijitabu.

Msomaji asidhani kwamba Bwana Dira alikuwa mlafi tu. Alikuwa na mkanda wa kitambaa aliojifunga tumboni, chini ya shati, na ndani yake mlikuwa na akiba ya miaka sita ambayo hakuigusa hata siku za njaa. Mkewe alikuwa amerudi kwa wazazi wake, akamwachia ujumbe mmoja: "Siku utakapopata kazi ninayoweza kumtajia baba, njoo unichukue." Mkanda ule ulikuwa unaingoja kazi hiyo.

Alitarajia wasomaji wa ukurasa wa tisa warudi na fimbo. Walirudi na shukrani.

"Magoti yangu!" naibu meneja alimwambia, akichuchumaa na kuinuka mbele ya abiria wote. "Mungu ampe umri mrefu yule mzee mwandishi. Kasoro moja tu: foleni."

"Foleni ya wapi?"

"Kwenye chemchemi, bwana! Si ninyi mliomweka yule mama?"

Bwana Dira nusura ameze kalamu.

Siku ya pili yake alipanda basi namba tisa, na safari hii alikaza macho. Kutoka kituo cha mwisho kulikuwa na kijia kilichokanyagwa kikawa cheupe, na kila baada ya mawe kadhaa pamechorwa mshale wa chokaa. Alipofika juu, akitweta kama mvukuto wa mhunzi, alikuta jabali. Chini ya jabali palitoka maji. Pembeni ya maji alikaa mama mmoja mtu mzima kwenye kigoda, mkononi ana faneli ya kujazia chupa, na mbele yake watu wenye chupa na pesa mkononi wamejipanga kwa adabu ambayo kwenye kituo cha basi haijapata kuonekana. Akangoja hadi wote walipoteremka kuwahi basi la saa saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chupa yako iko wapi?"

"Sikuja kuteka. Mimi ndiye mwandishi wa kitabu."

Mama akamtazama kwa makini. "Mwandishi ana ndevu."

"Nilinyoa."

"Na uzee nao uliunyoa?"

"Mama, tusizungushane. Chemchemi hii nimeibuni mimi, kwa kichwa changu."

"Hongera. Na haya yanayokulowesha viatu ni nini?"

Bwana Dira akatazama chini. Viatu vilikuwa vimelowa kweli. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa waongo, ambao wanazuoni wa maadili bado hawajautilia maanani: mwongo hujiandaa kufumaniwa, lakini hajiandai kamwe kukuta kwamba alisema kweli. Badala ya kujiuliza maji yametoka wapi, alijiuliza kipaji kama kile kilikuwa kimejificha wapi siku zote.

"Nataka nusu," akasema.

"Nusu ya nini, mwanangu? Ungechukua yote kama ungekuwa wa huku." Mama akashusha pumzi. "Binti yangu kajifungua mapacha, ananiita nikamsaidie. Naondoka kesho. Yule mwenye duka la nafaka pale kituoni anapataka hapa, nimemwambia aje jioni."

"Asije!"

"Siwezi kumpa mgeni. Watu watanisema."

"Mgeni? Mimi ni baba wa chemchemi hii!"

"Hapana, baba. Utakuja kunilaumu."

"Nikikulaumu, ulimi wangu ukauke."

"Hapana. Wewe ni mtu wa mjini, huku utapachoka."

Kukataa mara tatu kabla ya kupokea ni somo la kwanza la kazi ya ujanja, na Bwana Dira mwenyewe alikuwa ameishi kwalo. Lakini kinyozi hajinyoi. Akaufungua mkanda.

Mama hakuhesabu. "Anayehesabu mbele ya mwenzake amemtilia shaka," alisema, akamkabidhi faneli na kigoda, kisha akamwombea baraka. Bwana Dira akaguswa hadi machozi yakamlengalenga. Jioni alimwandikia mkewe: "Nimepata kazi. Ni ya mambo ya maji. Njoo na baba Jumamosi, mje mwone kwa macho yenu."

Jumamosi saa tatu, kabla basi la kwanza halijafika, kijia kilimleta mtu mmoja tu, mwenye sururu begani na spana kubwa kama paja la mbuzi.

"Habari za kazi, mzee? Mimi fundi wa mamlaka ya maji. Nitakusumbua kidogo."

Akazunguka nyuma ya jabali, akachimba. Sururu ikagonga chuma.

"Hili hapa," akasema fundi kwa furaha. "Bomba kuu, linapeleka maji mjini. Limepasuka tangu mwaka jana. Tulitaka kuja wiki iliyopita, lakini mama wa hapa akatusihi tusubiri hadi leo. Eti ana mgeni."

"Maji ya mjini?" Sauti ya Bwana Dira ilikuwa imekwenda mbali. "Haya wanayopandia basi kuyafuata?"

"Ndiyo hayohayo ya jikoni kwao." Fundi akafunga koki. Chemchemi ya Magoti ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Muda si muda zikasikika sauti kutoka bondeni. Walikuja watu arobaini na chupa zao, naibu meneja mbele. Nyuma kabisa alikuja mke wa Bwana Dira, amemshika mkono baba yake anayechechemea.

Bwana Dira akapanda juu ya kigoda. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya umati: akasema kweli. Akawaambia kwamba chemchemi ni bomba, kitabu ni uongo, na mwandishi wake ni yeye.

"Wewe?" naibu meneja akafoka. "Wewe ni nani hata umchafulie jina mzee wa watu? Magoti yangu yamepona, halafu uniambie ni bomba?"

"Mwulizeni fundi!"

Watu wote wakamgeukia fundi. Fundi akazitazama chupa arobaini. Akatazama mikoba iliyokwisha kufunguliwa. Akaitazama spana yake kwa muda mrefu, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza jambo lililokuwa mkononi mwake miaka yote.

"Huyu simjui," akasema pole pole. "Chemchemi imepumzika tu. Inahitaji mtu anayejua kuiamsha. Haya, wazee wangu, pangeni mstari."

Akachukua faneli. Akaenda nyuma ya jabali, akazungusha koki, maji yakatoka, na umati ukashangilia. Bwana Dira akateremka kwenye kigoda kwa sababu fundi alikuwa anakihitaji.

Mkewe akamjia, akampapasa tumboni pale ulipokuwa mkanda. Mkono ukakuta shati na tumbo, basi. "Zote?" akanong'ona. Bwana Dira akaitikia kwa kichwa.

Baba mkwe hakuwasikia. Alikuwa amekwisha kunywa chupa nzima, akanyoosha goti lake moja, akalinyoosha na la pili, huku akimtazama fundi jinsi alivyoupanga umati ule kwa neno moja. Akasogea hadi karibu na kigoda, akainama kwa heshima.

"Kijana," akauliza, "hivi wewe umekwisha kuoa?"