Kitenge Juu ya Tuta Langu

Jumamosi, 28 Machi
Mvua siku tatu mfululizo. Mvua ikianza, unapanda. Hilo nalijua tangu kambi ya wakimbizi, Tanzania! Tuta langu la mbao, nyuma ya nyumba zetu hapa ugenini, Newburg: futi nne kwa nane, miche minne kila futi. Mchicha mia moja ishirini na nane, yote nimeilea mwenyewe dirishani. Meneja wa nyumba anakagua tarehe 6. Tuta lisilo na kijani anapewa mwingine. Jirani yangu Mirindi, Mkongo, mwenye tuta la pili, akaniambia, bon, ndugu Gaspari, usikimbilie, baridi itarudia.
Kwa nini anataka nichelewe?

Jumatatu, 30 Machi
Naye kapanda! Tena jioni mkewe Nzigire anafunika miche kwa vitenge, na mawe juu. Wanaficha nini? Kornelia, mke wangu, anasema ni baridi tu. Nikamwambia nguo huvaliwa na watu.

Jumanne, 31 Machi
Nimetoka ghalani kazini, nakuta kitenge juu ya tuta LANGU. Chekundu, cha kuku. Kambini, kwenye foleni ya maji, ukiacha nguo yako mahali, nafasi ni yako. Hawajui kuwa mimi ni mtu wa foleni? Futi zao thelathini na mbili, na zangu thelathini na mbili. Wanataka sitini na nne!
Nimekitoa. Nimekikunja, kikae kabatini kama kidhibiti. Kornelia kasema, baba Elisabeti, rudisha nguo ya watu kabla hujaumbuka.

Jumatano, 1 Aprili
Imekufa. Yote! Myeusi kama majani ya chai. Nyasi nyeupe, umande umeganda. Lakini baridi ingeua nusu, tuseme robo tatu. Mia kwa mia ni kazi ya mtu. La Mirindi liko hai, isipokuwa kona moja iliyokosa nguo. Kaiua makusudi, asishukiwe.

Jumamosi, 4 Aprili
Nzigire kaja na trei ya miche. Eti pole, shemeji, siku ile nilikufunikia na kitenge changu, naona upepo ulikibeba. Kornelia akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.
Asiye na hatia hagawi miche. Nimeipokea, nimeipanda yote kabla ya saa kumi. Kornelia kacheka mpaka akakaa chini.
Simu inasema leo usiku baridi kali. Wacha iseme. Jioni nimevizia, ile kona yao wameipanda upya, na bado iko wazi. Nikatoa kidhibiti, nikakitandaza hapo vizuri, jiwe kila pembe. Kesho wataelewa nafasi ni ya nani!
Tuta langu nimeliacha wazi kabisa. Jumatatu meneja akija, aone kijani tangu mbali.