Kurasa Mia Moja na Kumi za Nyuki

Jumatatu, 3 Machi

Mkutubi amenipokea kwenye kikundi cha wasomaji! Tunakutana Jumamosi kuzungumzia kitabu kuhusu nyuki. Viti saba. Tangu mke wangu afariki sijakaa na watu sita kwa mpigo, ila kwenye foleni ya kliniki. Mpango: nitaandika maelezo ya kutisha, wanione wa maana, wanialike tena. Miaka thelathini nilikuwa karani wa masjala. Kuandika ndiyo kazi niliyofanya.

Jumatano, 5 Machi

Nimenakili sura nne, neno kwa neno. Hata mhuri wa maktaba nimeuchora. Masjalani hatukuacha kitu.

Nimemkuta fundi saa maktabani, naye yumo kikundini. Maelezo yake? Kikaratasi kimoja, kadiri ya kiganja! Ati anasoma sura, anafunga kitabu, kisha anaandika kwa maneno yake kilichobaki kichwani. Na swali moja. Uvivu mtupu. Nilimhurumia, na moyoni nikafurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu kapiga simu. Kauliza wiki hii nimeongea na nani. Nikamwambia niko na nyuki. Kisha akauliza kitabu kinasema nini hasa. Nikamwambia asubiri nitafute ukurasa. Alipokata nilikuwa nimefika wa sitini.

Daftari la pili limejaa. Kurasa mia moja na kumi! Vidole vimevimba. Nyumba imetulia mno, friji ndiyo inayoguna.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Nilianza kusoma tangu jalada. Nilipofika kwenye shukrani za mwandishi, wawili walishasinzia na mmoja akajifanya kapigiwa simu. Mkutubi akanikatiza kwa upole: "Mzee wangu, na wewe mwenyewe kimekugusa nini humo?"

Nikapekua madaftari yote mawili. Hilo sikuliandika popote.

Fundi saa akasoma kikaratasi chake. Nyuki akizeeka ndipo anapotumwa nje, mbali na mzinga. Je, anaona ameaminiwa au amefukuzwa? Basi! Wote wakaanza kuongea. Nami nilikuwa na la kusema, kumbe, nililo nalo tangu nistaafu. Nikafungua daftari nilitafute humo, mkutano ukaisha.

Mlangoni fundi akanishika bega. "Ndugu yangu, kesho saa kumi njoo dukani kwangu tuongee. Madaftari yaache nyumbani."

Sijaalikwa popote tangu mazishi. Nimetoa machozi njiani. Nikasingizia vumbi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 9 Machi

Siendi kwa mtu bila maandalizi. Kakataza madaftari, hakukataza karatasi. Tangu asubuhi nimeandika mazungumzo: salamu, majibu ya salamu, hali ya hewa, nyuki, kisha mke wangu. Hapo kwa mke wangu nilikaa sana. Nilifuta, nikarudisha, nikafuta. Halafu nikanakili yote upya kwa wino mzuri.

Kuinua kichwa, saa kumi na mbili unusu! Nikatoka mbio. Duka limefungwa. Jirani yake, mshona viatu, akaniambia fundi alikaa nje muda mrefu na viti viwili, akimkatalia kila mteja aliyetaka kukalia cha pili.

Imeniuma sana. Lakini kosa nimeliona: nilianza kuandika nimechelewa. Barua ya kuomba radhi iko tayari, kurasa kumi na nne na nakala mbili. Nitamsomea Jumamosi kikundini. Yote.