Rufaa ya Kurasa Sabini na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya bima imefika saa nne na dakika kumi asubuhi. Wamekataa kulipia dripu za saratani za mke wangu, Mama Mapacha. Sababu: maelezo hayatoshi. Nimeisoma mara tatu. Hayatoshi! Wanamwambia nani? Mimi ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijawahi kupoteza hata kifutio.

Daktari alishasema: titi limepasuliwa, dripu zianze, Jumatatu tarehe 17 isipite. Zimebaki siku kumi na nne. Mke wangu anasema sista wa wodi amemshauri ampelekee Daktari barua hiyo, naye atajaza fomu ya rufaa. Ukurasa mmoja, basi. Ukurasa mmoja! Stoo kwangu hata ndoo haitoki kwa ukurasa mmoja. Nimemwambia apumzike, hili aniachie.

Jumanne, 4 Machi
Rufaa imekamilika. Kurasa 74. Yaliyomo mbele, vibandiko vya rangi tatu pembeni. Vyeti vyote, vipimo vyote, na hapa ndipo nilipowaweza: nakala za shajara hii, kila siku niliyoandika neno juu ya afya yake. Nani mwingine ana ushahidi kama huo?

Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa lori, alipita jioni kunywa chai. Alilipima faili kwa mkono, akauliza kama namwombea dada yake dawa au pasipoti. Akasema pale bima anamjua mtu. Huyu anamjua mtu kila mahali, na mtu mwenyewe hajawahi kuonekana. Mke wangu alicheka mpaka akashika mshono. Shemeji: chai vikombe vitatu. Nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi
Bima, dirisha namba nne. Foleni tangu saa moja. Bi Dirisha (jina nimempa mimi) aliuliza fomu ya daktari iko ukurasa wa ngapi. Nikamwambia haipo wala haihitajiki, aanzie mwanzo. Alinitazama kama mtu aliyeshushiwa mzigo wa jirani. Akanionya kwamba kila kilichomo kitasomwa. Nikamjibu hiyo ndiyo nia yangu. Mhuri! Nimerudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele.

Mke wangu aliuliza kama sasa ni kusubiri tu. Nikasema ni kusubiri ushindi. Akahesabu siku za kalenda kwa kidole.

Jumatatu, 10 Machi
Wamekataa tena. Kusoma wamesoma kweli. Sababu: ugonjwa ulikuwepo kabla hatujajiunga na bima. Ushahidi: ukurasa wa 31. Mwandiko wangu! Aprili mwaka jana: "Mama Mapacha analalamika kifua, upande wa kushoto. Mkono hauinuki." Bima tulijiunga Juni.

Siku ile alikuwa amesukuma kabati peke yake, kutoka ukutani hadi dirishani. Kabati nililiandika pia, mstari unaofuata. Lakini faili lilikuwa la afya, na kabati ni samani. Wakati wa kutoa nakala nikaufunika mstari huo kwa karatasi, mambo yasichanganyike.

Mke wangu alisoma barua akiwa amesimama. Akaikunja. Akasema polepole, "Umeniandikia ugonjwa kabla sijaupata." Akaenda kuanua nguo.

Nilibaki sebuleni na stepla mkononi. Sikujua niiweke wapi. Siku saba.

Jumanne, 11 Machi
Sikati tamaa. Shida ni kabati, basi nitawathibitishia kabati. Nimemwita Shemeji na lori lake tulipeleke kwenye mzani wa stoo ya shule. Limekwama mlangoni, Shemeji akiwa upande wa ndani. Saa nzima na nusu. Ameniita kila jina isipokuwa langu. Mwishowe tulitoa mlango.

Uzito: kilo 96. Fundi seremala ameandika na kusaini kwamba mwanamke akilisukuma peke yake, kifua lazima kimuume. Ushahidi wa kitaalamu huo.

Mke wangu hatukumkuta. Ameacha karatasi mezani: ameenda kwa Daktari. Kupumzika hajui.

Alhamisi, 13 Machi
Nilifika bima saa mbili kamili na barua ya fundi. Kwenye benchi, mbele ya dirisha namba nne, nikamkuta mke wangu. Kando yake Bi Dirisha, ametoka nyuma ya kioo, wanazungumza kama watu waliokua mtaa mmoja. Katikati yao fomu ya daktari. Ukurasa mmoja.

Daktari ameandika kwamba Juni ile, kabla ya kutupokea, bima wenyewe walimpima mke wangu kwa daktari wao, na titi lilikuwa safi. Nikasema kwa sauti kwamba kipimo hicho nilishakileta mimi, ukurasa wa 58! Bi Dirisha alisema inawezekana. Hakuna aliyefika huko.

Nikaanza kufungua faili. Mke wangu akaweka kiganja juu yake.

"Kaa, Baba Mapacha. Mwili ni wangu. Leo niache niseme mwenyewe."

Nikakaa. Akasema. Alitumia dakika nne. Jibu kesho.

Ijumaa, 14 Machi
Wamekubali! Dripu zote sita. Jumatatu anaanza. Mke wangu alifungua bomba la jikoni akalia palepale, maji yakienda. Mimi nilishikwa na mafua. Shemeji amepiga simu kusema mtu wake ndiye aliyesukuma mambo.

Ila kuna jambo moja. Chini kabisa barua inasema usafiri wa kwenda na kurudi hospitali haumo. Haumo! Mtu atoke kwenye dripu apande basi? Mke wangu anasema niachane nalo, Shemeji atampeleka. Niachane nalo!

Nimefungua faili jipya. Safari hii nitawaonyesha hali yake hatua kwa hatua, wala sifuniki mstari hata mmoja. Nimeshaanza: "Saa kumi na dakika tano jioni. Mama Mapacha ametoka sokoni kwa miguu. Amepanda ngazi akiruka vidato viwili viwili, anaimba."

Huo ndio ukurasa wa kwanza.