Mayai Tisini na Sita Yaliyosahihishwa kwa Wino Mwekundu

Mutheu Kasyoki,
Kaloleni, Voi.
Alhamisi, 15 Mei 2025.

Kwa Shemeji yangu, Mwalimu Mulinge (mstaafu),
Nyumba inayopakana na yangu.

Shemeji mpendwa,

YAH: KUPASISHWA KWA MAYAI YANGU BILA IDHINI

Jana Jumatano, kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, nilipoteza mayai tisini na sita. Hayakuibwa, hayakuanguka, wala hayakuliwa na kenge. Yalisahihishwa.

Nakuandikia ingawa kati ya ukuta wako na wangu kuna kamba moja tu ya nguo. Kwa mdomo hunipi nafasi, na wewe mwenyewe umeufundisha ukoo mzima kwamba jibu lisiloandikwa halina maksi. Basi hili limeandikwa, na malalamiko nimeyapa nambari usije ukaruka hata moja.

1. Mayai yalikotoka. Unajua kideri ilivyofagia kuku wa Rukanga mwezi wa pili. Phoebe, Eddah na Wakio walikuwa na kuku mia moja na arobaini wakiwajumlisha; wakabaki na kumi na wanne. Mayai ya hao kumi na wanne hawakuyala, hawakuyauza. Phoebe aliniletea arobaini na moja, Eddah thelathini, Wakio ishirini na matano, yamelazwa kwenye pumba kama watoto wachanga. Waliniletea mimi kwa sababu mashine yangu ya kuangulia, niliyoiunda kwa mikono hii kutoka kwa friji bovu na balbu nne, haijawahi kuangua chini ya themanini na tano kwa mia. Walichobakiza akina mama wale chote kilikuwa ndani ya friji hiyo.

2. Alama zangu. Kila yai nililiandika kwa penseli, mkono mwepesi, X upande mmoja na O upande wa pili. Ikitazama juu X, zamu ifuatayo inatazama juu O, mara tatu kwa siku, ili kifaranga asigandamane na ganda. Pembeni niliweka herufi ya mwenye yai: P, E au W. Nilitumia penseli, Shemeji, kwa sababu ganda la yai lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo kifaranga anamopumulia. Penseli hubaki juu ya ganda. Wino hupenya ukamkuta mwenyewe amelala. Haya yote nilikueleza Jumatatu nilipokuachia mashine uyageuze, nikienda matanga Chawia. Uliitikia "sawasawa" mara tatu. Nilihesabu.

3. Ulichokiona wewe. Kumbe mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minne hawezi kuiona X akafikiri ni upande wa yai. Uliona kosa. Ukaligeuza yai, ukakuta sifuri. Ukafika kwa yale ya Eddah, maskini, ukakuta mtoto amekosa, ana sifuri, na amepewa gredi ya E. Mkeo Mbinya ananiambia ulivua miwani ukapangusa macho, ukasema, "Mutheu amewaonea hawa watoto. Darasa zima haliwezi kuanguka. Darasa zima likianguka, aliyeanguka ni mwalimu."

Kwa hiyo ukaamua kuninusuru.

4. Ulivyoninusuru. Ulichukua kitambaa, sabuni na maji baridi, ukafuta alama zote. Yai la kuangulia halioshwi; lina utando wake unaozuia uchafu, na wewe uliusugua kama sufuria ya ugali. Kisha ukaanza kutia vema kwa biro. Mayai saba yakatoboka. Mtu mwingine angekoma kwa la kwanza. Wewe ulisema hayo saba "hayakujiandaa", ukahamia ile kalamu nene nyekundu ya kuandikia kwenye manila.

5. Maoni ya mwalimu. Katika mayai themanini na tisa yaliyobaki, thelathini na mawili yameandikwa "Vizuri". Kumi na tisa, "Jitahidi zaidi". Matano yameandikwa "Nione". Nieleze, Shemeji: yai lije likuone kwa miguu ipi? Na moja dogo umeliandikia "Amerudi nyuma", wakati lina siku kumi na moja tu tangu lianze masomo. Yaliyosalia yana vema tupu. Halafu ukayapanga kutoka wa kwanza hadi wa themanini na tisa. Herufi za wenyewe zimefutika, na nawajua wale akina mama: kila mmoja ataapa kwamba nambari wani ni wake.

Siku ya saba niliyamulika kwa tochi, nikahesabu tisini na moja yenye mishipa ya damu. Leo asubuhi, niliporudi, nimeyamulika tena, moja moja. Yaliyo hai ni sifuri. Safari hii ni sifuri ya kweli. Nimewaita wenyewe waje Jumamosi saa tano niwaeleze.

6. Taifa nalo. Sikulaumu peke yako. Nchi hii imeidhulumu X. Kibanda cha kando ya barabara kikipakwa X nyekundu, mwenyewe huanza kung'oa mabati bila kuuliza. Mahali pekee X inapomaanisha ndiyo ni kwenye karatasi ya kura, na hata huko tunaatamia miaka mitano na kuamka tumekalia viza.

7. Maombi. Kwa hayo yote naomba, kwa heshima:

(a) kalamu nyekundu iwe na leseni kama bunduki, na mwalimu akistaafu aisalimishe kituoni, pamoja na wino wa akiba;

(b) serikali iwape walimu wastaafu kitu cha kusahihisha. Iwape ahadi zake yenyewe, hawatamaliza hadi wazikwe;

(c) wewe binafsi ukae siku ishirini na moja kwenye joto la digrii thelathini na saba na nusu, X shavu la kulia, O la kushoto, kwa penseli, kwa usalama wako, na Mbinya akugeuze mara tatu kwa siku.

Mbinya namsalimu sana, pamoja na mwanao Katuku na wajukuu, na majirani wote watakaokuwa wamesikia kabla hujamaliza kusoma.

Ni mimi shemeji yako, mwenye uchungu na hesabu kamili,

Mutheu Kasyoki

Baada ya kutia sahihi: Nimeenda kuichomoa mashine niioshe, nikakuta kidude cha kupandishia joto bado kiko digrii arobaini na nusu. Jumapili stima ilipotea kwa masaa sita. Iliporudi nilipiga hesabu kwamba masaa sita ya baridi yanafidiwa na digrii tatu za ziada kwa masaa sita. Nikapandisha. Hesabu haikuwa na dosari. Kushusha ndiko nilikosahau, nikaenda Chawia. Nimepasua mayai manne: vifaranga wote wanne walikomea siku ya tisa. Wewe ulishika kalamu siku ya kumi na moja. Ulikuwa unawapasisha marehemu.

Nakumbuka pia ulinipigia simu Jumatatu jioni ukasema, "Mutheu, friji lako linachemka," nami nikakujibu kwamba sisi wa Voi hatuogopi joto, nikakata.

Kwa hiyo barua hii yote ni batili, ila nakusihi usiichane. Mzee aliyewahurumia watoto wa wenyewe, Phoebe na wenzake watamcheka na kumsamehe. Fundi aliyeoka mbegu yao hawatamletea yai tena, na wale kuku kumi na wanne bado wanataga. Swali langu ni moja: Jumamosi, mbele yao, utakubali kwamba ni wewe? Nijibu ndiyo au la, bila utangulizi, kabla ya saa kumi na mbili jioni kesho Ijumaa.