Uzinduzi wa Nyaya Mbili za Kadi ya Picha

Mheshimiwa mama watoto, mlezi wa nyumba hii na mdhibiti mkuu wa rimoti. Mheshimiwa mama mkwe, mgeni wetu rasmi, uliyekubali kukatiza usingizi wako wa mchana ili uje kuumalizia hapa kwenye kochi. Ndugu shemeji, katibu wa Kamati. Binti yangu mpendwa, mnufaika wa mradi. Na wadau wote wa sebule hii kwa nafasi zenu mbalimbali, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni shemeji.)

Kama mnavyofahamu, mimi ni mkurugenzi mstaafu, na kustaafu kwangu hakukuathiri utendaji wangu kwa namna yoyote ile, bali kumeuhamishia nyumbani. (Mama watoto anaguna.)

Ndugu wadau, binti yangu anachora ramani za majengo kwa kompyuta, na majuzi alipata mteja wake mkubwa wa kwanza, mama mmoja mwenye shule ya chekechea, aliyetaka kuliona jengo lake kwenye skrini, na milango yake na ngazi zake, kabla hajaajiri hata fundi mmoja. Kompyuta ikawa haiwezi. Ukiligeuza jengo upande, inaganda kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Binti akajibana, akanunua kadi ya picha, yaani kile kifaa kinachoisaidia kompyuta kuchora, nene, yenye feni tatu, akaipachika. Alipowasha, skrini ikaleta maandishi ikimtaka azime na kuiunganishia kadi hiyo nyaya zake za umeme. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, na nilipoona chombo kinaomba huduma kwa maandishi, tena kwa adabu kuliko walio wengi niliowahi kuwahudumia, nikajua wajibu unaniita.

Binti akasema, "Baba, ni nyaya mbili tu, ngoja nizichomeke."

Nikamweleza kwamba katika sekta ya miundombinu hakuna kitu kinachoitwa "tu", na kwamba hatampoteza mteja wake wakati baba yake yu hai na ana bisibisi. (Shemeji anapiga makofi, anaangaliwa, anaacha.)

Hapo hapo nikaunda Kamati, nikajiteua mwenyekiti, nikaanzisha mchakato wa upembuzi yakinifu, semina elekezi, na ziara ya mafunzo ndani ya boksi la kompyuta kwa kutumia tochi. Tulibaini kwamba pawa saplai, yaani lile sanduku la chuma linalogawa umeme humo ndani, lina nyaya nyingi kupita mahitaji halisi ya wananchi, na kwamba plagi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na plagi ya kadi zinafanana kama mapacha, kila moja na vitundu vyake vinane, ila maumbo ya vitundu hayalingani. Katibu wangu akachukua ya prosesa, akaisukuma kwenye kadi. Haikuingia. Akaomba kibali cha kutumia nguvu, nami nikakitoa. (Binti anafumba macho.) Mama watoto alipotokea na kutuuliza tunavunja nini, shughuli iliahirishwa kwa ajili ya mashauriano zaidi, na Kamati ikaenda kula.

Tuliporudi tulikuta binti ametuwekea boksi hapa sebuleni, juu ya meza, ili tufanye kazi kwa nafasi, na nilimpongeza kwa moyo wake wa ushirikiano. Tangu hapo mambo yalinyooka. Plagi ya kadi iliingia bila ubishi, kilimi chake kikalia ta, na wiki nzima Kamati imekuwa ikichomeka na kuchomoa kwa lengo la kujenga uwezo. Leo, kwa unyenyekevu mkubwa, natangaza kuwa uunganishaji umefikia asilimia mia moja na nne, hizo nne za ziada zikiwa ni waya ambao hatukuujua kazi yake na tukauchomeka hivyo hivyo. Joto limeshuka kabisa. Kelele za feni zimekwisha. Kompyuta inafanya kazi kwa utulivu ambao haujapata kushuhudiwa. (Mama mkwe anafumbua jicho moja, anauliza kama inawaka.) Swali zuri sana, mama. Kuwaka kumo katika awamu ya pili.

(Mama watoto anainuka, anamnong'oneza mzungumzaji kwa muda. Mzungumzaji anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.)

Umeme kwa kadi! Kadi kwa maendeleo! (Shemeji anainua ngumi kuitikia, anaishusha.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru mama watoto kwa taarifa ya hivi punde, kwamba boksi hili lililo mezani ni la kompyuta ya zamani iliyoungua nikiwa bado kazini, kadi yake ikiwa ndani. Kwamba nyaya husika zilichomekwa na binti yangu siku ileile, Kamati ikiwa inakula, kwenye kompyuta iliyoko chumbani kwake. Na kwamba mwenye chekechea ameshaliona jengo lake, amelipenda, na ujenzi umeanza. Binti yangu, mbona hukuniambia?

(Binti anasema taratibu: "Ulikuwa na furaha sana, baba.")

Basi, kwa mamlaka niliyobakiwa nayo, natamka kwamba mradi huu, ambao haukuwahi kuwepo, umekamilika kabla ya wakati. Nawashukuru wote mlioshiriki kunificha ukweli. Katibu, chomoa. (Shemeji anachomoa. Makofi ya nyumba nzima.)