Malalamiko Kuhusu Kabati la Chumba Namba Nne

Kwa Bibi Meneja wa Nyumba ya Wageni ya Mlimani,

Salamu na heshima. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wafanyakazi wako wote, ambao leo nalazimika kuwashtaki.

Mimi ni yule mzee wa chumba namba nne, mwenye kofia ya sufu na mke mcheshi. Tulikuwa wageni wako kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, kwa zawadi ya binti yetu muuguzi, aliyeona kwamba watu waliotimiza miaka arobaini ya ndoa wanastahili kupumzishwa, wapende wasipende. Nilisahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo nisamehe nikiyapanga makosa yako kwa nambari.

1. Kabati. Tulifika saa sita mchana, tukaacha masanduku yetu mawili kitandani, tukatoka kwenda kutazama bonde. Tuliporudi yalikuwa matupu. Si kwamba tuliibiwa, hilo ningelielewa. Mhudumu wa vyumba, yule mama mwenye kicheko kikubwa, alikuwa amezitundika nguo zetu zote kabatini. Nilipomuuliza kwa idhini ya nani, akanijibu, "Babu, nguo zimejikunja kama watu waliofukuzwa! Nimezinyoosha kidogo tu."

Hakujua alichokisema. Sisi tulifukuzwa kwetu kweli, miaka thelathini na mitatu iliyopita, asubuhi moja, na masanduku hayo hayo. Tangu hapo hayajawahi kubaki matupu. Nguo inatoka, inavaliwa, inafuliwa, inapigwa pasi, inarudi sandukuni. Nyumba tunayokaa tumeipanga kwa muda. Mwenye nyumba alipotuuliza muda gani, nilimwambia kidogo tu. Siku hizi namwambia hivyo mjukuu wake. Hatujapigilia hata msumari mmoja ukutani. Huo ndio utaratibu, na ndio uliotufikisha hapa.

2. Gauni. Chini kabisa ya sanduku la mke wangu palikuwa na gauni la buluu, alilolishona mwenyewe mwaka wetu wa kwanza wa ugenini kwa ajili ya siku moja tu: siku ya kurudi kwetu. Mhudumu wako alilitundika katikati, mahali pa kuonekana. Jumamosi asubuhi mke wangu alilivaa kunywea chai. Nikamwambia kwa upole, "Mama, hilo si la siku ile?" Akajiangalia kwenye kioo upande huu na upande ule. "Baba Watoto, siku ile haijanialika. Hii imenialika, na kuna mayai."

Sikula. Baadaye nilikula, lakini kwa kinyongo.

3. Mlima wako unafanana na wa kwetu. Kwa miaka yote hii nimemweleza kinyozi wangu kwamba hakuna mlima duniani wenye bega kama lile la kwetu, ambalo ukungu huliacha mnamo saa nne asubuhi, polepole, kama mtu anayevua shati lililombana. Naye amekuwa akinisikiliza, maana ana wembe mkononi na hana pa kukimbilia. Jumapili, saa nne na dakika tano, nikaliona bega hilo hilo dirishani mwako. Sasa nitamwambia nini? Naomba ama mlima usogezwe, ama dirisha la chumba namba nne ligeuzwe lielekee tangi la maji.

4. Viatu. Mimi huviweka kando ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni, tayari. Jumapili hiyo hiyo niliamka saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu, mimi! Nikavikuta vimepigwa rangi na kupangwa barazani, hatua kumi na moja kutoka kitandani. Lingetokea la kutokea ningekimbia na soksi. Halikutokea. Msijivunie hilo.

5. Nimelifuta. Nilipolisoma tena nilikuta ni sifa.

6. Watu wa mjini. Asubuhi ya tatu tu, muuza magazeti wa pale njia panda alinipigia kelele: "Mzee, leo umechelewa! Nimekufichia lako, walishataka kulichukua." Umechelewa! Mtaani kwetu nimeishi miaka thelathini na mitatu na hakuna aliyewahi kuniambia nimechelewa, kwa kuwa nilihakikisha hakuna anayenitarajia. Majirani nawapungia mkono huku natembea, wasije wakanizoea. Mji wako umebomoa kwa siku tatu kazi ya maisha yangu.

Sasa sikia matokeo. Jumanne mke wangu alichukua futi yake ya ushonaji akaupima ukuta wa chumba chetu cha nyumbani. Jumatano akaja fundi seremala, akaugonga ukuta kwa vidole, akasema, "Mama, hapa linakaa kabati la milango mitatu, na babu apewe upande wake." Nikamwambia hatuhitaji, sisi ni wapita njia. Akauliza tunapita kwenda wapi na lini, ili ajue atumie mbao gani. Mke wangu hakunisaidia. Alikuwa anatazama ukuta, na macho yamemjaa maji. "Nimechoka kupiga pasi mikunjo ile ile," akasema. "Kurudi tutarudi, Baba Watoto. Lakini nataka kurudi nikitoka mahali."

Unaona ulipotufikisha. Nikikubali kabati, kesho atataka picha ukutani. Picha ikishaning'inia, itahitajika kiti cha kukalia kuitazama. Mwenye kiti hutembelewa. Majirani wakitutembelea watatujulia hali, nasi tutawajibu kweli, na hapo tutakuwa tumekwisha: wakazi.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, umwandikie mke wangu, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba kabati lilikuwa kosa na kwamba sanduku ni bora kwa afya ya nguo. Pili, ubandike tangazo langoni: wenye nia ya kurudi kwao wasikae hapa zaidi ya siku moja.

Nimeandika bila chuki, na kila herufi nimeikagua mara mbili. Nisalimie mpishi, mtunza bustani, muuza magazeti, na hata yule mhudumu mwenye kicheko. Mwambie ugomvi wangu si naye, ni na mikono yake tu.

Wako mwenye manung'uniko na heshima,

Mzee wa chumba namba nne

Nyongeza: Bahasha ya barua hii ilikuwa chini kabisa ndani ya sanduku langu, na ili kuifikia ilinibidi nitoe kila kitu. Mke wangu aliingia akanikuta nimekaa kitandani katikati ya mashati. Akafunga kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, akaanza kuyatundika, nami nikajikuta nampokeza moja moja. Kwa sababu hiyo, tafadhali usimwandikie. Fundi ameahidi kumaliza wiki ijayo, ingawa mafundi unawajua. Tutengee chumba kile kile mwishoni mwa mwezi wa nane. Tutakuja na mkoba mmoja mdogo. Nguo nyingine zitabaki nyumbani.