Nduru Niliyompigia Mtoto wa Mbwa

Leo nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima, na kijiji chenyewe nimekiita mimi, kwa mdomo wangu huu. Atakayeipokea barua hii kwanza awasomee wenzetu wote tuliosoma nao chuoni, ila asiniigize sauti. Nimewaomba.

Mnajua nimepanga hapa Kendu Bay, kwa mama mzee ambaye kila mtu humwita Dani, yaani nyanya. Nina pia mtoto wa mbwa, Bosi, niliyepewa na mwalimu mwenzangu kutoka Uriri. Bosi anang'ata. Si kwa ubaya, anacheza tu, lakini meno yake ni sindano. Vidole, pindo za sketi, visigino, vyote halali yake. Juzi alimshika mzee wa kanisa mguu katikati ya maombi (amina ilikuja mapema mno). Dani, aliyekuwa kitandani na malaria, akaniita.

"Mwalimu, hii guok, hii mbwa yako, mimi napenda. Lakini akiuma mtu moja tena, anarudi kwao Uriri. Nimemaliza."

Nililia. Huku sina ndugu, jamani. Jioni nikifunga mlango, Bosi ndiye mtu wangu.

Basi nikamtafuta daktari wa mifugo sokoni. Akaniambia watoto wa mbwa hufundishana wenyewe: mmoja akiuma sana, mwenziwe hulia kwa sauti nyembamba na kuacha mchezo. "Akikushika, lia vile vile. Halafu mgeuzie mgongo, usimtazame."

Leo Jumamosi asubuhi tumeanza masomo. Nimempa mkono, akauma. "Ai," nikasema. Akafurahi, akauma zaidi. "Aii!" Akahamia kwenye kiwiko. Nikaona upole hautatufikisha popote. Nikavuta pumzi, nikafumba macho, nikaachilia:

"Uuuuwiii!"

Wee! Bosi ameachia mkono kama aliyeshika kaa la moto. Akajilaza chini, masikio yamekunjwa, ananitazama kwa heshima ambayo darasa langu halijawahi kunipa. Nikamgeuzia mgongo nikitabasamu peke yangu. Nikarudia. Akaachia. Nikarudia tena kwa sauti kubwa zaidi, maana mwalimu haridhiki na jibu sahihi moja. (Na kwaya ya chuo ilinikataa!)

Ndipo nikasikia mwingine akiitikia ng'ambo ya shamba. "Uuuwiii!" Kisha mwingine, mbali, upande wa ziwani. Nikajiambia, kumbe na wao wana watoto wa mbwa! (Ndiyo. Niliwaza hivyo. Na cheti cha ualimu ninacho.)

Nikafungua mlango.

Jamani, watu! Wanawake wanakimbia kutoka kila upande, mikono kichwani, wengine miguu mitupu, mmoja na unga mpaka viwikoni, mwingine ameshika samaki aliyetolewa magamba nusu. Wanaume wanabeba viti. Viti, tayari! Ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimeambiwa siku ya kwanza kufika: huku mwanamke akipiga nduru, kuna aliyekufa, na hakuna anayeuliza kwanza. Unatupa ulichoshika, unakuja. Na nduru imetoka katika boma la Dani, naye kila mtu anajua anaumwa.

Mama mmoja wa kwaya akanikumbatia. "Pole, mwalimu, pole. Ulikuwa na yeye akienda?"

"Akienda wapi?"

"Wuololo, akili imetoka mwalimu!" akawaambia wengine, wakazidi kulia, sasa kwa ajili yangu.

Nikapiga kelele, "Ni mbwa! Ni mbwa!"

"Ndio," wakasema, "ata mbwa!" Wakaoneshana Bosi. Maana Bosi, kwa kusikia nduru nyingi namna ile, alikuwa amelala katikati ya uwanja, kidevu mavumbini, visigino vya kila aina vikimpita puani, na kinywa hakufungua. Mzee mmoja akavua kofia. "Mnyama anajua," akasema.

Aibu ninayo, lakini niwaambie kweli: nilipigwa na bumbuazi. Watu waliendelea kuja, na kuja, mpaka ua haukuwatosha. Sijawahi kuona mtu akipendwa hivyo. Mwenye baiskeli alishatumwa Homa Bay kumwita binti wa Dani (mwingine ametumwa kumfukuzia, tuombe Mungu). Ochola, fundi seremala, alishafika na tepu ya kupimia.

Mara nduru mpya njiani. Dani! Kumbe aliamka na nafuu, akaenda ziwani kuoga bila kuaga mtu. Sasa amesikia kilio nyumbani kwake, naye anakuja mbio akilia, mikono kichwani, leso inaburutika, kama desturi inavyotaka. Akapenya mpaka katikati.

"Yaye! Ng'a motho? Nani amekufa?"

Ochola akashusha tepu yake.

"Ni wewe, Dani," akasema Ochola.

Dani akatutazama mmoja mmoja. Macho mekundu, unga, samaki, viti.

"Nyinyi wote mlikuja?" akauliza polepole. "Juu yangu?"

Hapo tukalia upya, na sasa nami nikalia kweli. Kisha akamwona fundi.

"Ochola! Wengine wamekuja na machozi, wewe umekuja na tepu?"

Ilibidi nieleze. Ilibidi, wenzangu, nioneshe kwa vitendo. Mbele ya wazee, wanakwaya na wazazi wa wanafunzi wangu, nimepiga magoti, nikamtia Bosi mkono kinywani, nikapiga nduru. Bosi akaachia, akalala. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, ingawa viti vilikuwepo.

Dani hakucheka. Alimtazama Bosi kwa muda mrefu, akatazama miguu yote ile isiyo na alama ya jino hata moja, akajifuta macho kwa leso.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "mbwa atabaki. Yeye amefundishika. Ni wewe bado nafikiria."